Masomo ya Nyuma ya Dirisha

Mwaka ule ni ule wa unga wa njano. Aliyekuwepo anaujua bila kuambiwa. Mvua ilikataa uwanda wote wa Usangu, na mjini Mbeya watu walipanga foleni kupewa mahindi ya msaada kutoka ng'ambo, ya njano kama kiini cha yai. Ukisonga ugali wake, nyumba nzima inanuka gunia. Sisi wa milimani, upande wa Rungwe, mvua haijawahi kutukataa hata tukiiomba ikome. Tulikula ndizi. Asubuhi ndizi za kuchemsha, mchana mbalaga, yaani ndizi zilizopikwa na maharage na maziwa mpaka zikalegea, usiku kilichobaki mchana. Ndugu zetu wa mjini, wale waliokuwa wakitucheka kwamba tunakula ndizi kama ngedere, walikuja na mifuko mitupu wakaondoka na mikungu kichwani. Hawakucheka tena.

Naanza na chakula kwa sababu tarehe sizijui. Mimi nilisoma kisomo cha watu wazima, na nilikuwa nimeshaitwa bibi ndipo nikajua kwamba a na e ni herufi mbili. Lakini nilichokula nakikumbuka.

Mwanangu wa kwanza alikuwa kiwanda cha chai. Kazi yake ilikuwa kushika taa. Fundi akiingiza kichwa ndani ya mashine, yeye anammulikia. Miaka yote anamulika, wenzake wanatengeneza. Alikuwa amemaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kwenda sekondari, na kwa wakati ule asiyechaguliwa alirudishiwa jembe. Yeye hakutaka jembe na hakutaka taa. Akatafuta njia yake.

Siku moja akaja na bahasha kubwa ya kaki.

"Mama, nimeanza shule."

"Shule gani, na wewe una mke na mtoto?"

"Hii haina kwenda. Inakuja yenyewe. Inapanda basi, inashuka kwenye sanduku la posta la kiwanda."

"Na inakula wapi?" nikamuuliza.

Akacheka. Akanieleza mpango wake, na nauandika hapa kama alivyonieleza, maana aliurudia mpaka nikaushika. Sekondari ni ndefu, ada yake ni nyingi, na mlango wake wamefunga. Lakini masomo ya redio na umeme yanapatikana kwa posta. Wanakuletea somo, unajibu maswali, unarudisha, wanasahihisha kwa wino mwekundu, wanakuletea jingine. Vitu vingine vinafundishwa redioni jioni. Ukimaliza, unaitwa Iringa kwa wiki chache, unashika vyombo kwa mikono yako mbele ya walimu, unapewa cheti. Cheti kinakupa kazi. Ukiwa kazini unasomea cha pili, kwa posta vilevile, halafu cha tatu, hadi siku moja una digrii na hujawahi kukanyaga sekondari.

"Njia ya mkato," akasema.

"Njia za mkato zina nyoka."

"Nyoka wa njia hii ni stempu tu, mama."

Kulikuwa na tatizo moja. Masomo ya redio yalisomwa jioni, na jioni yeye alikuwa zamu kiwandani. Na redio ilikuwa moja tu, ya baba yake, ndani kwetu sebuleni, juu ya kitambaa nilichofuma mwenyewe. Basi wakakubaliana na mkewe. Mke asikilize, aandike, usiku amweleze mumewe. Binti yule alikuwa na darasa la saba lake, na kwa hesabu alimshinda mwanangu, na mwanangu mwenyewe alilisema hilo bila aibu.

Hapo ndipo penye mambo. Kwetu, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Sisemi hawasalimiani. Hawaonani. Akimsikia anakohoa njiani, anaingia migombani na kujifunika kanga mpaka mzee apite. Haingii chumba alichomo, hagusi kigoda chake, hatamki jina lake. Wala si uadui, ni heshima, na ni kali kuliko uadui. Ndugu wa kiume wa mume wangu nao, wote kwake ni wakwe, anawakimbia vilevile. Mzee akiwa na neno kwake, neno linapita kinywani mwangu. "Mwambie kuni zimelowa." Namwambia kuni zimelowa, na yeye yuko nyuma ya ukuta, amesikia tangu mwanzo. Mimi nilikuwa daraja. Watu wakipita juu yako kila siku unasahau kwamba wewe ni daraja.

Sasa atasikilizaje redio ya mkwewe? Alisimama nje, nyuma ya nyumba, kwenye migomba, chini ya dirisha dogo la sebule. Mtoto mgongoni, daftari juu ya kipande cha ubao. Mume wangu alikaa ndani na kuwasha redio yake kama kawaida. Mimi nilikuwa jikoni, nawaona wote wawili, na wao hawaonani.

Jioni moja mvua ikashuka ya Rungwe, ile inayopiga bati mpaka ukiongea hujisikii. Nikachungulia. Mkwe wangu amejifunika jani la mgomba, ameinama juu ya daftari lisilowe, ameegemeza sikio ukutani, hasikii kitu. Nikajua somo limekwenda na maji. Mume wangu akainuka. Hakugeuza kichwa. Akasema, kama anauambia ukuta, "Humu ndani kuna joto." Na baridi ile ilikuwa inatafuna vidole. Akaichukua redio, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha la nyuma, akaiongeza sauti, akarudi kukaa ameipa mgongo, uso mlangoni.

Tangu siku ile redio ilihamia dirishani. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Mtu ukishaishi naye miaka mingi, mambo mengine unayaacha yalale.

Halafu mwanangu akafa.

Lori la kiwanda liliacha barabara kwenye kona, na yeye alikuwa nyuma pamoja na vyombo vya mafundi. Walimleta kwenye turubai. Sina maneno mengi ya hapo. Watu walilia, mimi nilipika. Zilichinjwa ng'ombe, na kwa kuwa ulikuwa mwaka wa njaa, walikuja hata wasiotujua. Niliwaona wakila nyama kwa kifo cha mwanangu, wengine wakifunga vipande kwenye majani wawapelekee watoto, na sikuona vibaya wala vizuri. Mguu ukiukalia kwa muda mrefu unakufa ganzi, unaugonga na hauumi. Mimi nilikuwa mguu huo, mwili mzima. Niliambiwa nikae, nikakaa. Niliambiwa nile, nikala. Walinyoa nywele zangu nikazitazama zikianguka kama za mtu mwingine.

Bahasha za kaki hazikujua kwamba amekufa. Ziliendelea kuja. Karani wa kiwanda alizituma kwa mpita njia, na mimi nikazipanga chini ya kitanda, jina lake juu, bila kuzifungua. Siku moja nikazikosa. Nikashuka nyumba ya chini, ya mkwe wangu, nikamkuta anapukuchua maharage, bahasha zote ziko wazi mkekani, kila karatasi na lundo lake, na maharage juu yake upepo usizipeperushe.

"Mama, kuna njia fupi," akasema. Hakuinua kichwa.

"Ya kwenda wapi?"

"Ya kumaliza."

Nikakaa. Akasema aliwaandikia wale wa masomo kuwaambia kwamba mwanafunzi wao amefariki. Wakajibu kwamba masomo ya marehemu hawawezi kumpa mtu mwingine, kila mtu na jina lake. Anayetaka aandikishwe upya, aanze na somo la kwanza.

"Basi imekwisha," nikasema.

"Haijaisha. Wanasema nianze la kwanza. Hawajasema niende polepole." Akachukua punje ya haragwe, akaihamisha kutoka lundo hadi lundo. "Wengine wanatuma jibu moja, wanakaa wanasubiri lirudi ndipo waguse la pili. Mimi yote nimeshayaandika mara moja, dirishani, na mara ya pili usiku nikimweleza yeye. Nikijibu kwa mafungu, ninafika Iringa pamoja na walioanza zamani. Vitabu ni vyake, viko. Stempu nitapata kwa maziwa. Kulala, nitalala kwa mama mdogo." Alimaanisha mdogo wangu, aliyeolewa Iringa na Mhehe. "Nitamlimia bustani, hatanidai chakula."

"Na mtoto?"

"Mtoto nakuachia wewe."

Alisema vile kama mtu anayekupa sufuria uishike kidogo. Nikasema sawa. Moyo wangu sikuuuliza. Siku zile haukuwa unajibu.

Lakini jambo lenyewe tulilijua wote wawili. Kwetu matanga ya mume hukaa miezi, na yakiisha wazee wa ukoo wangekaa kumkabidhi kwa mwanangu wa pili amrithi, maana ng'ombe zetu zilikwenda kwao na ng'ombe hazirudi nyuma. Na matanga yangeisha karibu sana na siku za kuitwa Iringa. Kama wazee wangetangulia, basi. Mke wa kurithiwa hapandi basi kwenda kushika waya. Kama Iringa ingetangulia, labda.

Basi alisoma. Sijaona mtu anayesoma vile. Alisoma akikamua, alisoma maji yakichemka, alisoma mtoto akinyonya, alisoma akimwachisha ziwa. Kuna somo lilitaka achomelee waya kwa risasi ya kuyeyusha, akakipasha moto chuma kwenye makaa yangu, akanitobolea na sufuria. Jioni alisimama pale pale migombani, na mume wangu alikaa pale pale, mgongo dirishani. Mume amekufa, somo linaendelea. Kuna jioni niliona mabega ya mzee yanatikisika, na redio ilikuwa inaeleza habari za betri.

Mtoni wanawake walikuwa na maneno.

"Jirani, tumesikia mkweo anasomea kuongea na mabati."

"Anasomea redio," nikasema, nikaendelea kufua.

"Ataolewa na redio?"

"Redio haina mikono ya kumpiga."

Wakacheka mpaka mmoja ndoo yake ikachukuliwa na maji. Yule mkubwa wao, aliyekuwa na ulimi wa kiwembe, hakuacha. "Mfiwa hata matanga hayajaisha, anaandika kama karani. Hana uchungu huyo."

Nikamtazama. Nilitaka kumwambia kwamba uchungu wa mtu unakaa anapouweka mwenyewe, mwingine kwenye machozi, mwingine kwenye daftari, mwingine kama mimi hajui ameuweka wapi. Nikaona ni maneno mengi. Nikakamua nguo yangu nikaondoka.

Bahasha ya Iringa ikaja kabla ya matanga kuisha. Siku chache kabla. Alinisomea, halafu nikaisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, nikidhani labda kwa macho yangu itasema jambo jingine. Ilisema njoo.

Tuliondoka alfajiri, ukungu umekaa juu ya chai. Mtoto mgongoni kwangu, yeye na mfuko wa maharage, kifurushi cha vitabu na bisibisi ya marehemu. Njia yetu ya kwenda kwenye lami inapita mbele ya zizi. Tukamsikia mzee anakohoa, anatokea zizini na ndoo ya maziwa. Mkwe wangu akashika kanga ajifunike, akatafuta mahali pa kukimbilia, na upande huu ni ua na upande ule ni korongo, na mizigo ameibeba. Akasimama, kope chini.

Mume wangu akaacha njia. Akaingia yeye kwenye mibuni, mzee mzima, na ndoo yake, akatugeuzia mgongo, akasimama kama mtu anayekagua buni. Sijawahi kuona wala kusikia baba mkwe akimpisha mke wa mwanawe. Tulipita. Tulipofika mbali nikageuka, bado amesimama vile vile, na maziwa yamemwagikia miguu.

Barua yake ya kwanza iliandikwa kwa herufi kubwa ili niisome mwenyewe. "MAMA, BASI LILISIMAMA NYOLOLO, BARIDI YAKE NI KAKA WA BARIDI YETU. NIMEFIKA. WANAWAKE HUKU NI MIMI." Niliisoma mara nyingi. Naringa kusema niliisoma bila msaada.

Matanga yakaisha. Wazee wakaja, kaka za mume wangu na wana wa baba zake wadogo, wakajaa sebuleni. Walikula mbalaga yangu, wakafuta midomo, wakauliza mjane yuko wapi. Mume wangu akasema, "Iringa." Wakauliza Iringa kuna nini. Akasema, "Masomo." Wakatazamana, kila mmoja anatafuta pa kuanzia.

"Mdogo wetu," akasema kaka mkubwa, "masomo hayana matiti. Huyu mtoto anamnyonya nani?"

"Ameshaachishwa," nikajibu toka mlangoni, mtoto mgongoni.

"Hatujakuuliza wewe, shemeji."

"Mmeuliza anamnyonya nani. Babu yake mkubwa hana maziwa."

Mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Kaka mkubwa akageukia mdogo wake, akasema neno la ukoo limeshakaa, mjane ana mtu wa kumrithi, aitwe. Mwanangu wa pili alikuwa amekaa pembeni, anachora chini kwa kidole. Yeye alikuwa na mke wake, na mkewe alikuwa ameshamwambia jambo la kumwambia. Akasema, "Mimi baba akisema nimesikia. Lakini kumfuata mimi siwezi. Amwite mwenyewe kwanza." Akamtupia baba yake mzigo, akarudi kwenye kidole chake.

Mume wangu akageuza uso dirishani. Halafu akasema, bila kunitazama, kwa sauti ile ya kuni zimelowa:

"Mama watoto. Mwambie arudi."

Nikafungua mdomo nilipokee neno lake, kama nilivyopokea maneno yake miaka yote, nilipeleke. Halikutoka. Nikatazama wanaume wote waliokuwa mle ndani. Ukimtoa mwanangu aliyeshakataa kumfuata, kila mmoja wao ni mkwe wake. Hakuna hata mmoja anayeweza kusimama mbele yake akamwambia rudi, maana akimwona tu atajifunika na kukimbia, na heshima ndiyo inayomkimbiza. Walikuwa wengi, wenye fimbo na koti, na daraja lao lilikuwa mimi peke yangu.

Nikasema, "Simwiti. Mkimtaka, barabara mnaijua."

Watu wamesema baadaye kwamba nilikuwa jasiri. Si kweli. Jasiri ni anayeogopa halafu akafanya. Mimi sikuogopa, kwa sababu hapakuwa na kitu ndani cha kuogopa nacho. Wangenipiga nisingesikia. Wangenirudisha kwetu ningebeba kikapu nikaondoka. Nilikataa kama jiwe linavyokataa kuviringika, kwa uzito tu.

"Tutaandika barua," akasema kaka mkubwa.

"Andikeni. Yeye amezoea. Atawasahihishia kwa wino mwekundu awarudishie."

Yule aliyejifanya anakohoa safari hii alitoka nje kabisa. Waliondoka na jua, wakisema watarudi. Mume wangu alingoja wakati wake wa redio. Akaiwasha. Ilikuwa pale pale dirishani, na nje migomba mitupu. Redioni walikuwa wanasoma somo jingine, mzee akalisikiliza lote.

Mkwe wangu alipata cheti. Wakampa na kazi palepale Iringa, karakana ya kutengeneza redio na mashine za kusemea, na jioni akaanza kusomea cha pili kwa posta. Nyumbani hakuja, alijua akija atabaki. Tulikuwa tunakutana stendi ya Mbeya. Namshusha mtoto mgongoni, anakwenda kwa mama yake, wanakaa kwenye benchi wanakula mandazi hadi basi lipige honi. Ananionyesha vidole vyake vilivyoungua. Mara ya kwanza mtoto hakumjua, akanishika kanga. Yeye hakulia. Akamsubiri tu, akamwekea andazi mkononi, akaangalia upande mwingine, mpaka mtoto mwenyewe akasogea. Nikamwona anavyosubiri, na hapo nikasikia maumivu kifuani, makali, kama mguu unavyochoma damu inapoanza kurudi. Nikafurahi kuumwa.

Kisha redio ya mzee ikafa. Alibadilisha betri, ikanyamaza vile vile. Nikamwambia kuna fundi Tukuyu. Akasema ataipeleka. Hakuipeleka. Ilikaa dirishani imekufa, anaipangusa vumbi.

Wazee wakarudi, na safari hii walikuja wamekasirika mapema. Unga wa njano ulikuwa umeshaisha, watu walikuwa wanakula mahindi meupe tena, na mtu aliyeshiba ana nguvu ya mila. Kaka mkubwa akasema cheti si ameshakipata, sasa anatafuta nini, mtoto anakua bila mama, ng'ombe zetu zinazaa kwa watu. Akamwambia mume wangu aseme, aseme sasa, wote wasikie.

Mume wangu akatazama redio. Akazungusha kitufe chake, ikatoa mlio wa kitufe tu.

"Mama watoto," akasema. "Mwambie arudi. Mwambie hata redio imekufa, itamngoja."

Hapo nikamtazama, na yeye akanitazama, jambo ambalo hakulifanya mara ya kwanza. Alimkumbuka yule binti ambaye hajawahi kuuona uso wake. Nililiona hilo. Na niliona jambo la pili, kwamba jibu langu analijua, na analiuliza mbele ya kaka zake ili walisikie kwa masikio yao, likitoka kinywani mwangu, si mwake. Mtoto alikuwa ameshika kidole changu. Nikamwinua nikamweka mgongoni, nikafunga kanga, nikakaza fundo.

"Simwiti. Mkimtaka, barabara mnaijua."